Bei ya Marehemu Scola

Runzewe mtu akitaka keki hamuulizi Bernadina bei. Anamtajia. "Ya kilo moja, uandike Hongera Baba, kumi na tano yako hii hapa." Hiyo elfu kumi na tano si Bernadina aliyeipanga. Aliipanga dada yake Scolastika, na Scolastika amelala kaburini nyuma ya nyumba ya mama yao. Sasa fikiria mwenyewe: sukari imepanda, mayai yamepanda, mkaa ndio usiseme, lakini bei inatoka kaburini, na nani ana ubavu wa kubishana na marehemu?

Watu walimpenda Scola, hilo halina ubishi. Ila tuseme ukweli tu, waliipenda bei yake zaidi. Keki iliyoumuka vizuri, laini, ina jina la mtoto wako juu, kwa hela ya kuku mmoja! Wenzake waliojaribu kuoka pale mjini walifunga biashara mmoja baada ya mwingine, wakabaki kununa.

Bernadina hakuwa mwoka keki. Alikuwa Isaka, anapikia madereva wa malori wali na maharage, akaitiwa msiba. Baada ya kuzika, wazee wa ukoo wakakaa, wakamwambia: jiko la dada yako ni lako, Mariana mtoto wa marehemu ni wako, na mama huyu ndiye huyo, hana mwingine. Akaitikia. Ungefanyaje? Kuanzia siku hiyo kula yao watu watatu, na ada na sare za Mariana, vikawa juu ya keki.

Kilichomuuma ni kwamba alirithi jiko ambalo mwenye nalo hakuwahi kumruhusu kukanyaga. Miaka yote alipokuja likizo, Scola alimfundisha kukoroga siagi na sukari hapo nje uani, kwa upendo kabisa, wanacheka na kusutana. Lakini akisogelea tu mlango wa jiko, lo! "Toka! Toka jikoni kwangu, Dina!" Siku moja alimkimbiza na mwiko mbele za wageni. Watu wakaangua kicheko, wakasema Scola ana choyo, anaficha utaalamu. Bernadina alicheka nao, kisha akaenda kulia chooni. Dada wa tumbo moja, anamfukuza kama mbuzi aliyeingia kwenye mtama.

Jiko lenyewe ni kijumba cha matofali, mlango mfupi, dirisha limezibwa kwa tope. Ndani kuna jiko kubwa la mkaa, sufuria ya kuokea inayotandikwa mchanga chini na kupaliwa makaa juu ya mfuniko, na kikaango kidogo cha chuma kisicho na mpini. Kikaango hicho Bernadina alikipenda mara moja. Kilikuwa saizi yake kabisa ya kuyeyushia siagi.

Alipoanza, aliuza kwa bei ya marehemu bila kuuliza. Baadaye akaona mbona anaoka, anauza, watu wanasifu, na sukari ya kesho hana? Akaketi na mama yake, wakapiga hesabu kwa kupanga mbegu za karanga kwenye ungo: huu unga, haya mayai, huu mkaa, hii siagi. Karanga zilipokwisha, ile elfu kumi na tano ilikuwa imekwisha pia. Jasho la mtu halijahesabiwa hata karanga moja.

"Mayu," Bernadina akamwambia mama yake, "Scola alikuwa anaishije?"

Mama akatikisa kichwa. Scola aliezeka nyumba kwa bati jipya. Scola alilipa ada bila kukopa. Kwa keki hizi hizi, kwa bei hii hii. Walitazamana, na kila mmoja akaogopa kusema alichokifikiria.

Basi Bernadina akapandisha. Akasema kilo moja ni elfu thelathini, asiyetaka aache. Mteja wa kwanza alilipa kwa kununa. Bernadina alipoinama kuandika jina kwa krimu, mkono ukamruka. Herufi ikapinda kama nyoka aliyekanyagwa. Akafuta, akaandika tena, ukaruka tena. Hakuwa na homa wala njaa. Ila aliusikia wazi ule mkono ukivutwa, kama mtu amemshika kifundo kwa nyuma anasema acha.

Na hapo ujue kitu kimoja. Scolastika alikufa akitetemeka. Ilianza mikono, ikashindwa kushika kikombe, meno yakalegea, yule mtu wa vicheko akawa mkali, anafoka hovyo, anasahau jina la binti yake. Wengine walisema amelogwa kwa wivu wa biashara. Wazee wakasema ni masamva, wahenga wa ukoo, wamechukia kitu. Mwenyewe alikataa kusema lolote. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Scola kifo hakikumuumbua, kilimsaidia kuficha.

Mama alipoiona ile herufi iliyopinda alishika mdomo. "Ng'wanone, mwanangu, dada yako hajapenda. Umeigusa bei yake."

Wakakoroga unga wa mtama kwenye maji, wakanyunyiza kizingitini na kaburini, wakamwomba radhi. Bernadina akairudisha elfu kumi na tano. Sasa, kwa bei ile, ili watu wa nyumba wapate kula, ilibidi aoke mara mbili ya zamani. Akawa mtu wa kushinda jikoni, mlango umerudishwa vumbi lisiingie kwenye krimu, moto juu, moto chini, kikaango kinachemka siagi. Kadiri alivyooka ndivyo alivyotetemeka. Mdomoni akawa na ladha ya chuma haitoki hata kwa limao. Usingizi ukamkimbia. Akaanza kumfokea Mariana kwa makosa ya kijiko, na akijisikia anafoka, ngozi inamsisimka, maana sauti ile si yake, ni ya Scola wa siku za mwisho.

"Dada, bei si nimekurudishia?" alikuwa anauliza peke yake mle jikoni. "Bado unataka nini kwangu? Nikuachie nini tena?" Na nyuma ya shingo anasikia yupo. Wala si kuwazia. Yupo, amesimama pale kwenye dirisha lililozibwa, na anasema neno lile lile la kila siku: toka. Uchungu wake ulikuwa huo. Hata amekufa, hataki kuniona jikoni kwake.

Ndipo akaja Marcel.

Marcel ni broka, ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo huko mialoni wanakosafishia mchanga, mtu mzima mwenye adabu zake. Alikuwa amesafiri muda mrefu. Akapiga hodi mchana kweupe, Bernadina akamwamkia, "Shikamoo kaka," akaitika marahaba, akatoa pole ya msiba kwa uchungu wa kweli. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kidonge kimefungwa kwenye kitambaa, kizito, rangi ya fedha.

"Mdogo wangu, sijui kama marehemu alikuachia na hii kazi. Alikuwa ananichomea. Mimi na wenzangu watatu wanne."

"Kukuchomea nini?"

"Si zebaki hii? Dhahabu inakamatwa na zebaki, unaichoma, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Huko mialoni wezi wengi, na macho mengi. Hapa kwake palikuwa pa siri. Nani ataushangaa moshi wa jiko la keki?" Akachungulia ndani, uso ukamchangamka kama aliyekutana na rafiki. "Na kikaango chenyewe si kile pale! Humo humo. Alikuwa hodari, hapotezi hata punje."

Bernadina akakitazama kikaango. Siagi ya asubuhi ilikuwa bado imeganda pembeni.

"Alikuwa analipwa?"

"Vizuri sana. Nilimwambia mara nyingi, Scola, achana na keki, hizi hela zinatosha. Akasema aache vipi, watoto wa watu watakula nini kwenye sikukuu zao? Yeye keki alikuwa anawapa watu, si anauza." Marcel akacheka kidogo, kwa mapenzi. "Ila alikuwa na sharti moja. Anasema moshi huu si mzuri, unampa kichwa. Tusije na mtoto, na tusije mdogo wake akiwepo. Akasema nina mdogo wangu mmoja tu, huyo sitaki auvute."

Bernadina akakaa chini pale pale kizingitini.

Hebu msikie mwanamke huyu. Miaka yote alibeba kinyongo cha mwiko ule. Aliamini ni choyo, aliamini ni dharau. Kumbe dada yake alikuwa anamkinga kwa mwili wake mwenyewe, halafu hamwambii, maana akisema itabidi aache, na akiacha bei itapanda. Na hata baada ya kuzikwa hakunyamaza. Alikuwa anamwambia toka, toka, toka! Na yeye mjinga, badala ya kutoka, akarudisha bei na kujifungia ndani mara mbili zaidi.

Akalia kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Marcel akabaki na kitambaa chake mkononi, hajui akiweke wapi. "Mdogo wangu, nimekosa nini?" Kusema kweli hakujua. Ndivyo wanavyofanya wote huko, kwenye majiko wanayopikia ugali.

Kituo cha afya, muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamwambia anyooshe mikono, akaitazama inavyotetemeka. Akamwambia mvuke wa zebaki hauonekani wote kwa macho, na huganda ukutani, jikoni, vyomboni, ukipashwa moto unaamka tena. Mle ndani asiingie, yeye wala Mariana wala bibi. Waende hospitali kubwa wote watatu wakapimwe damu na mkojo. Mkono utatulia? Huenda, akiacha sasa. Hakumwapia. Kikaango Bernadina alikuwa amekibeba kwenye mfuko, akauliza akitupe wapi, na muuguzi akakaa akikitazama, naye asijue.

Jiko lilifungwa kwa ubao na misumari. Bernadina akajenga jingine upande wa pili wa ua, la wazi, nguzo nne na bati, akanunua sufuria mpya na jiko jipya kwa mkopo wa kikundi. Akapanga tena karanga kwenye ungo. Safari hii zilipokwisha za unga na mkaa akaongeza, moja ya jasho, moja ya mkopo, moja ya hospitali. Elfu thelathini. Ikawa ndiyo hiyo.

Na hofu ikawa palepale. Hakumwogopa Scola tena; alikuwa anaitamani hata ile sauti, na tangu mlango upigiliwe misumari haikusikika. Aliogopa watu. Akitaja thelathini watamwita mlafi anayekula jina la marehemu. Akitaja sababu, nani atakula tena keki ya nyumba ile? Mariana ana shule, bibi ana njaa. Mama alimwambia wazi: "Taja bei, nyamaza na mengine. Aliyekula ameshakula."

Mteja wa kwanza akawa Eunice. Huyu ni mwalimu wa chekechea, shoga wa kufa na kuzikana wa marehemu, mtu wa maneno mengi na mkono mzito wa kutoa hela. Alitaka keki kubwa ya mahafali na vikeki vya kwenye vikaratasi, kimoja kwa kila mtoto. Oda ya kufuta mkopo nusu.

"Haya Dina, tusichoshane. Kumi na tano kwa kilo, kama kawaida."

"Thelathini, dada Eunice."

"We! Thelathini kuna dhahabu ndani?"

Jamani, maneno mengine hutoka tu. Bernadina akamtazama, na ushauri wa mama yake ukamponyoka. Akamweleza yote, kidonge cha Marcel, kikaango, dirisha, mwiko. Akamwambia na yeye aliyeyushia siagi humo humo, kwa miezi, kwa kutojua. Mikono akaiweka mezani ijieleze yenyewe.

Eunice akaitazama ile mikono.

"Wanangu walikula," akasema. "Kila mwaka."

"Najua. Hata Mariana alikula. Nenda nao wakapimwe, dada. Nilisubiri kukwambia kwa sababu ya njaa yangu, unisamehe."

Eunice akasimama, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Bernadina akaona basi, habari itafika sokoni kabla ya jua kutua, na biashara imekufa pale pale. Akaanza kukusanya vyombo. Alipoinua kichwa, Eunice alikuwa amerudi, amesimama jua kali, machozi yanamchuruzika na wala hayafuti.

"Haikuwa kumi na tano," akasema.

"Nini?"

"Bei ya Scola. Mwanzo alisema ishirini na tano. Mimi ndiye niliyemwambia, Scola, mimi na wewe leo ni wa ishirini na tano? Akacheka, akapunguza. Nikawaambia na wenzangu shuleni, nendeni, ukimbana anapunguza. Tukambana wote, Dina. Kila mara. Na kila mara alikuwa anacheka."

Uani kuku alikuwa anaparura, na mama yao mzee alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

Eunice akafungua mkoba. "Wanangu nitawapeleka hospitali kesho. Keki nataka, uioke hapa hapa wazi nikikuona. Sema tena ni shilingi ngapi."

"Thelathini kwa kilo."

Mdomo wa Eunice ukafunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote, useme lile neno moja ambalo kila mnunuzi hulisema. Akalisikia linavyokuja. Akaufunga mdomo kwa kiganja, akasimama hivyo hivyo, akilia, mpaka noti zote zikawa mezani.