Chumba Kisicho na Dirisha Kambu

Siku yangu ya kwanza kazini, karibu na soko la Tulia huko Kitui, nilipewa chekeche. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mkuu wa uchimbaji wa mambo ya kale, mwanamume mrefu asiyependa kurudia maneno, alinionyesha kuta zilizobomoka za boma la askari wa mkoloni, akasema, "Mwikali, hapa hatutafuti dhahabu. Tunatafuta namna walivyotutawala." Nikachekecha udongo mpaka jioni nikapata kifungo cha koti la askari. Nilikipeleka kwake mbio, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

Kazi yetu ilikuwa kusoma udongo. Ardhi ambayo haijaguswa hukaa kwa matabaka, moja juu ya jingine. Iliyofukuliwa ikafukiwa huwa laini, na rangi zake zimechanganyika. Tulikwangua kwa mwiko wa mwashi, polepole. Nilijifunza pia kuchora tundu za bunduki, zile nafasi nyembamba ukutani ambamo askari alipigia risasi akiwa amejificha. Katika maboma mengi ya Kitui zilielekea njia ya mtoni. Aliyeshika maji hakuhitaji askari wengi.

Miaka ya sabini tulihamia Kambu. Juu ya kilima palikuwa na ngome ndogo ya mawe, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili Wajerumani wasiivunje reli. Ndani yake kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Watu walisema wanaume waliokataa kubebea jeshi mizigo walifungiwa humo, wakafa, wakazikwa chini ya sakafu.

Kila asubuhi mama mmoja mzee, Syombua, alikuja akaketi kando yetu. Kaka yake, Kyalo, alifungiwa katika chumba hicho, naye akiwa msichana mdogo alikuwa akimpelekea uji. Siku moja askari akamfukuza mlangoni akimwambia hakuna tena wa kulishwa.

"Mkimpata," aliniambia kwa Kikamba, "msimtie kwenye masanduku ya serikali. Nipeni nimzike nyumbani."

Tulikwangua sakafu, na udongo ulikuwa mgumu, haujawahi kuguswa. Kisha, kwenye kona ya nyuma, mwiko ukazama.

"Mkuu, hapa ni laini."

Alipiga magoti mwenyewe. Tulifuata ule ulaini tukitarajia mifupa, lakini haukwenda chini zaidi. Ulipita chini ya ukuta, ukatokea nje, upana wake ukitosha mabega ya mtu. Mwisho wake, upande wa nje, ulikuwa umezibwa kwa mawe na saruji. Ndani tulikuta kipande cha sufuria, ukingo wake umelika kwa kuchimbia.

Mkuu alishusha pumzi. "Hili si kaburi," akasema. "Walitoka, na askari wakaiziba njia baada yao."

Nilimwita Syombua, nikamwonyesha njia ile na kumweleza.

"Na sakafu iliyobaki?" aliuliza.

"Tumeikwangua yote, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba. "Hamna mtu."

Alizunguka nje taratibu mpaka pale shimo lilipotokea, akatazama mteremko wenye vichaka. Upande huo ukuta haukuwa na tundu hata moja ya bunduki.

"Kumbe yule askari alisema kweli," akasema. "Hakukuwa na wa kulishwa." Akacheka, akijiziba mdomo kwa leso, mpaka nami nikacheka huku machozi yakinitoka. Kyalo alikokwenda hatukujua kamwe. Kesho yake Syombua hakuja. Niliambiwa amepanda gari kwenda Tawa, kumweleza dada yake.

Nilistaafu miaka ya tisini, magoti yakiwa yamechoka. Vijana huniuliza kama haikuniuma kutumia ujana wangu kwenye kuta za watu waliotudharau. Nawaambia iliniuma, hasa mwanzoni. Lakini kuta zile zilijengwa zitishe watu kwa mbali. Mimi nililipwa kuzikaribia, na nashukuru kwamba nilizikaribia Syombua akiwa bado hai, akajua kwamba kaka yake hakufia humo.