Duka Lililomsahau Mama Watoto

Fundi Saa alistaafu macho yake yalipoanza kumtania. Miaka na miaka alikuwa amekaa nyuma ya kisanduku cha kioo chini ya ngazi za posta, lenzi jichoni, akifufua saa ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Maneno alimwachia mkewe, ambaye aliyaweza kwelikweli. Mama watoto alikuwa mfumaji wa masweta, na akishakaa dirishani na sindano zake, hata paka alijua asilisogelee lile kapu la sufu.

Mkewe alipofariki, watoto waligawana vyombo. Simu ya marehemu aliing'ang'ania mzee. Kumbe kila jioni alikuwa akifungua duka la mtandaoni ambako mkewe alizoea kununua, na duka, lisilo na habari ya msiba, likampangia sufu ya kijivu, sufu ya samawati, vifungo vya mbao. "Tumekuchagulia wewe," liliandika. Mzee hakununua kitu. Alitazama tu, moyo ukatulia, kama vile mwenye vitu yuko jikoni, anakuja.

Jioni moja akamtafutia jirani mkanda wa saa humo humo. Aliporudi ukurasa wa mwanzo, sufu hakuna. Mikanda, betri, bisibisi ndogo ndogo. Ukurasa mzima ni yeye mwenyewe. Akapangusa simu kwa shati. Akaizima, akaiwasha. Wapi!

Kitinda mimba wake alifanya kazi kwenye duka hilo hilo, upande wa kompyuta. Akampigia palepale.

"Mmemfukuza mama yako?"

Binti akaja mbio. Aliposikia kisa, alijua ile kazi ni ya mikono yake. Zamani duka lilifuata vitu ambavyo mtu alinunua miaka ya nyuma, na wateja walilalamika: mtoto ameshaanza shule, bado mzazi anaonyeshwa nepi! Ndipo majuzi yeye na wenzake wakalifundisha kufuata kile ambacho mteja anakigusa sasa hivi, tangu aingie mpaka atoke. Ofisini walipigiwa makofi.

"Nisamehe, baba. Siwezi kulirudisha lilivyokuwa. Lakini ukianza wewe kutazama sufu, litakuletea sufu."

"Kila siku mpaka nianze mimi?"

"Kila siku. Ukitoka tu, limesahau."

Mzee akacheka, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu msiba. "Mbona nimeshazoea! Mimi na mama yako tukinuniana, yeye hakuanza hata siku moja. Ningemsubiri aanze, ningekufa nimenuna."

Akavaa miwani, akaandika neno "sufu" kwa kidole kimoja, pole pole. Duka likafikiri kidogo, kisha likamwaga rangi.

"Hii angeikataa," akasema. Akagusa nyingine. "Hii pia. Ingemwasha mtu mgongo." Binti akavuta kiti karibu. Hakuwahi kujua mama yake alikataa nini na kwa nini, na kwa kila sufu iliyokataliwa duka lilileta nyingine, na mzee akawa na la kusema juu yake.

Ikaja moja ya kijani kibichi, nyuzi nene. Kidole cha mzee kikasimama.

"Nunua hii."

"Nani ataifuma, baba?"

"Sijui, mwanangu. Ila hii asingeiacha."