Dungu la Mama

Mama alivunjika mguu wakati mpunga umeanza kutia maziwa, na hapo ndipo mimi nilipokwisha.

Shamba letu liko kando ya mto Tana, chini ya Garsen. Punje ikiwa bado laini ndipo ndege wanaposhuka, na hawashuki wawili watatu, wanashuka wingu zima. Lazima mtu awe juu ya dungu kuanzia alfajiri hadi jua kuzama. Siku mbili bila mlinzi, huna mpunga, una majani. Baba alikwisha kufariki na mimi ni mtoto wa pekee, kwa hiyo simu ilipopigwa Nairobi haikuwa na mwingine wa kumtafuta. Nikasema nitakaa wiki moja. Wiki moja! Nilijidanganya mchana kweupe.

Nairobi nilikuwa mchezaji wa balei, ile ngoma ya Kizungu ya kuruka juu na kutua kimya, mguu umenyooshwa mpaka kwenye ukucha. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na kwa kazi ile huo tayari ni uzee. Miaka yote nilikuwa nachezeshwa nyuma: askari wa mfalme, mgeni harusini, mti. Naam, mti, na nilisimama vizuri. Mwaka huo mwalimu wetu alinipa nafasi ya mbele kwa mara ya kwanza, niwe bwana harusi mwenyewe. Mimi nilijua, na yeye alijua, kwamba nikiikosa hiyo sitapata nyingine.

Sasa nikajikuta juu ya dungu. Nguzo nne, sakafu ya fito, hatua tatu huku na hatua tatu kule, basi. Nilikuwa na kombeo, rundo la madonge ya udongo, na kamba zenye makopo za kuvuta. Kwenye mashamba matatu yaliyopakana nasi walikuwa wanawake watatu, kila mmoja juu ya dungu lake. Mmoja wao, jirani yetu wa tangu utotoni, ninamwita shangazi. Waliopita njiani walinicheka. "Kumbe Nairobi imekushinda!" Nikavuta makopo, maana ningefungua mdomo ningetukana.

Mama alikuwa kwenye kibanda chini yangu, mguu wenye plasta ya hospitali umeegemezwa juu ya kigoda. Hakunipa nafasi ya kupumua. "Kulia! Nyuma yako! Si sasa, ngoja! Mwache mwenzako aanze!" Kutwa nzima. Kuna siku nilitamani plasta ile wangemfunga mdomoni, Mungu anisamehe.

Kwa kiburi nikafanya ninavyojua. Niliruka, nikazunguka, nikavuta kamba zote kwa mpigo, nikapiga ukelele wa kuitikisa Garsen nzima. Wale wanawake waliacha kazi zao wakanitazama, shangazi akicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Na ndege? Waliinuka kidogo, wakaenda kutua kona ya mbali, wakaendelea kula.

"Wewe unawachezea ndege," mama akasema. "Ndege hawapigi makofi."

Wiki ya pili mwalimu alinipigia. Jumatatu nisipokuwepo, nafasi anampa mwingine. Nikamwambia mama. Jioni ile alimwita shangazi, wakanong'ona, na shangazi akakubali kwamba mke wa mwanawe atashika dungu letu kuanzia Jumapili. Nilikata tiketi ya basi siku ileile. Nilimbusu mama kwenye paji la uso, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nikiwa mtoto, naye akanisukuma akisema nanuka jasho.

Jumamosi jioni jua lilikuwa linazama na ndege walikuwa wanarudi mateteni. Kazi imekwisha. Kilichobaki kilikuwa kushuka ngazi tu. Lakini nilikuwa na furaha, na wanawake walikuwa wanatazama, na nikajiambia: acha leo niwaonyeshe vizuri. Nikaruka kutoka juu ya dungu. Pale hewani, wallahi, nilikuwa bwana harusi. Nilisikia vigelegele vyao. Kisha nikatua penye ufa wa udongo uliokauka, na kifundo changu kikatoa sauti ya muhogo ukivunjwa.

Mwalimu aliniambia "pole sana" kwenye simu, na ilikuwa pole ya matanga. Nikaikata. Nikamgeukia mama. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma. Nikamwambia amenifunga pale, yeye na mpunga wake, na kwamba kama si mguu wake mimi ningekuwa mtu. Alitazama plasta yake tu.

Asubuhi nilikuta kigoda cha pili kimewekwa kando ya chake. Nikakaa, maana ningekwenda wapi? Mguu wake umenyooka kushoto, wangu kulia, mama na mwana. Juu yetu yule mkwe wa shangazi alikuwa akihangaika na kombeo, na kila alichofanya kilikuwa kinyume. Alipiga kelele mapema. Aligeukia upande ambao hapakuwa na ndege. Mikono yangu ikaanza kuwasha.

"Kulia!" nikasikia mtu anafoka. "Si sasa! Ngoja!"

Alikuwa ni mimi. Nikamtazama mama. Alikuwa anatazama mpunga, uso umekaza.

"Mama, mguu unauma sana?"

"Mguu uliacha kuuma zamani," akasema. "Kinachoniuma ni kukaa hapa nikiwaona mnakosea."

Nililia, tena si kwa siri. Naye akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akaniambia nifute uso nitazame shamba, ndege wanakuja.

"Usimtazame anayepiga kelele," akasema. "Tazama penye kimya. Hapo ndipo watakapotua."

Nikatazama, siku hiyo na zilizofuata, mpaka yule mkwe naye akashika mwendo. Wa kwanza anapiga kelele, wingu linainuka. Wa pili ananyamaza mpaka wingu lipinde, halafu anavuta makopo. Wa tatu anafuata. Shangazi, wa mwisho, anasubiri, anasubiri mpaka unataka kumzomea, kisha anainuka mara moja na ndege wote wanavuka mto. Wanawake wanne, na wakikosea pumzi moja tu, ndege wanarudi. Nikamuuliza mama nani aliwapanga hivyo. Akanitazama kama niliyemuuliza nani amenizaa. Hata nguzo za madungu, yeye ndiye aliyeonyesha zichimbiwe wapi.

Nilikaa pale mpaka tukavuna. Mguu wake ulipona wa kutembea na fimbo, lakini ngazi haukupanda tena. Wangu nao ulipona wa kutembea, haukupona wa kuruka. Nairobi nilikaa miezi nisiweze hata kupita mbele ya ukumbi wa mazoezi. Siku niliyoingia nilimwomba mwalimu wachezaji wanne na meza nne ziwe madungu yao. Akaniuliza mimi nitasimama wapi. Nikamwambia nitakaa chini, niletewe kigoda.

Ngoma ile ilipokaribia kukamilika niliirekodi, nikaituma kwenye simu ya shangazi ili amshikie mama aone. Mama alitazama hadi mwisho, akataka irudiwe. Kisha akanipigia.

"Yule wa kona ya kushoto anawahi," akasema. "Mwambie amwache mwenzake amalize."

Siku hiyo nilikuwa nimekwisha kumwambia mara nne. Na kila alipowahi, mwili wangu ulikuwa unataka kuinuka na kupanda mezani umwonyeshe, nami naukalisha kwa nguvu, mikono nimeibana mapajani.

"Mama," nikamuuliza, "huku kutaka kuinuka, kunaisha lini?"

Nikawasikia ndege kwa mbali upande wake, na shangazi akivuta makopo.

"Mimi bado," akasema.