Shangazi Alivyoshika Waya

Redio ya baba yangu ilikaa juu ya kabati, na kwenye kioo chake baba alikuwa ametia nukta kwa rangi ya kucha ya mama. Kila nukta ilikuwa mahali pa muziki. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya rumba kutoka nchi ya jirani.

"Usizungushe-zungushe kama kuku anayetafuta pa kutagia," alitufundisha. "Nenda kwenye nukta, ipite kidogo mpaka isikike kama mafuta yanakaanga, halafu rudi unene wa ukucha."

Kwa njia hiyo ya mkato tulikuwa tunapata rumba wakati majirani bado wanahangaika na vishindo na miluzi.

Miaka hiyo ya sabini tulikaa karibu na misheni ya Tosamaganga, na sherehe ya harusi ya dada yangu ilifanyika pale pale nyumbani. Rafiki wa bwana harusi alikuwa ameahidi muziki. Kweli alikuja na gramafoni na santuri tele, ila sindano ilikuwa imedondoka njiani, mahali asipopajua. Watu walikuwa wametoka kanisani, wameshakunywa ulanzi wa mianzi, miguu inawawasha.

Baba akaitoa redio nje na betri zake, akaiweka mezani, akaenda kwenye nukta kubwa. Mafuta yakakaanga. Akarudi unene wa ukucha. Yakaendelea kukaanga. Huko ndani waya wa redio wa kunasia mawimbi ulikuwa umefungwa kwenye bati. Hapa nje ulining'inia tu, ncha yake ikaangukia kwenye sahani ya shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mnene, mwenye heshima zake. Aliushika waya ili autoe kwenye pilau. Hapo hapo rumba ikalipuka uwanja mzima! Akauachia. Mafuta. Akaushika. Rumba.

"Dada," baba akasema kwa adabu zote, "nakuomba usiuachie."

"Na chakula changu?"

"Utalishwa."

Mama, ambaye kwa miaka mingi hakuwa anaelewana sana na wifi yake, akakaa naye akamlisha pilau kwa kijiko, na shangazi akawa anaagiza: "Hapana, hiyo nyama. Hiyo yenye mafuta." Padri alipopita kumsalimia, shangazi akampa mkono wa kushoto, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya maishani, akasema, "Kamwene Baba Padri, unisamehe, niko kazini."

Tabu ilianza alipotaka kucheza. Alisema hawezi kukaa kama mti wa umeme wakati mtoto wa kaka yake anaolewa. Baba akafunga kipande cha waya wa kuanikia nguo kwenye ule wa redio, shangazi akainuka nao, na watu wakamfuata kwa mstari. Akienda upande wa jikoni, muziki unapanda; akienda upande wa zizi, unafifia. Basi harusi nzima ikahamia jikoni, tukicheza katikati ya masufuria na wapishi wanatufukuza kwa miiko.

Kisha akageuka kwa mbwembwe, waya ukavuta redio, mshale ukaruka nukta. Sauti ya mwanamume ikaanza kufundisha wakulima namna ya kutibu kuku wanaoharisha. Baba akakimbilia kitufe cha kutafutia stesheni, lakini wapi! Watu walikuwa wameshapata moto. Sauti ikasema wagonjwa watengwe, mzee mmoja akadakia, "Watenge!" wote wakaitikia, "Watenge!" Mtaalamu akasema banda lifagiliwe, wakainama wakafagia kwa mikono, bibi harusi mbele na shela lake. Sijawahi kuona watu wakicheza vizuri vile.

Sifa za shangazi zilifika hadi Mbeya. Watu wa Mbalizi, huko huko Mbeya, wenye harusi yao wakamtumia nauli ya basi, wakampokea stendi kama mkaguzi wa elimu. Akakalishwa kwenye kiti chenye mto, akashika waya tangu mchana hadi jua linazama. Redio ya kule haikutoa hata wimbo mmoja.

Aliporudi alikuwa na jogoo kwapani na kitenge kipya.

"Sasa ilikuwaje?" baba akamuuliza.

"Milima ya kule ni mirefu mno," akajibu. "Niliwaambia wavumilie. Wakavumilia, mimi nikala."