Choroko Juu ya Unga Mtupu

Pai yenye kitu cha majimaji ndani, kama kastadi ya mayai na tui la nazi, ganda lake hupikwa kwanza likiwa tupu. Leo nalijua hilo. Siku nilipolihitaji sikulijua, ingawa aliyelijua alishaniketia ubavuni jikoni kwangu, akanifundisha.

Dada yangu ndiye mpishi wa pai hapa mtaani kwetu Wete. Ni mkubwa wangu wa tumbo moja, na mama yetu alipofariki yeye ndiye aliyenisuka nywele, akanisimamia mpaka nikaolewa. Kwa hiyo binti yangu alipoposwa, na wakwe wakaleta habari kwamba wanakuja kutoka Micheweni kututembelea, nilimwendea dada nikamwambia pai ya siku hiyo nataka nipike mwenyewe. Miaka yote mimi ni mtu wa wali na mchuzi, na wa kukosha masufuria watu wakishakula. Nilitaka wakwe warudi kwao wakisema mama wa bibi harusi mkono wake mtamu. Basi, sikutaka makubwa zaidi ya hayo.

"N'takufundisha," akasema. "Kwani weye mgeni?"

Alikuja kweli. Alinionyesha kwa unga kiganja kimoja namna ya kusugua siagi kwa ncha za vidole, maji kidogo tu, usikande sana, utandaze kwenye treya mpaka pembeni. Kisha umimine kastadi, ufunike, utie makaa juu na chini. Hatukupika siku ile. Alisema siagi isipotee bure, nitapika siku yenyewe. Nikamwuliza: ni hivi tu? Akanijibu: "Hivi tu, mdogo wangu."

Siku ikafika. Nikapalia makaa juu na chini kama tunavyopika keki sote hapa, nikawa nafunua na kuchungulia. Kastadi ikashika, ikapiga rangi ya kupendeza, nikaepua kwa furaha. Sisi wa makaa tunatazama juu. Chini nani atapaona?

Mama wa bwana harusi ndiye aliyekata wa kwanza. Kisu kilipofika chini hakikukata kitu. Unga ulikuwa mbichi, mweupe, umelowa tepetepe. Mama wa watu ana adabu zake. Alipiga bismillahi, akala kijiko kimoja, akasema mashaallah, kisha sahani akaisogeza taratibu nyuma ya birika la chai. Wenzake wakamwangalia yeye, na wao wakaziweka zao chini.

Hapo ndipo dada alipobisha hodi, na sinia kichwani limefunikwa kawa. Ndani mna pai mbili, bado za moto.

"N'meona n'sije mikono mitupu," akasema.

Zile zilipotiwa kisu, ganda lilivunjika tukalisikia. Zililiwa mpaka chenga zikaokotwa. Mkwe akauliza aliyepika ni nani. "Ni miye, bibi," dada akajibu. "Mdogo wangu huyu bado ajifunza." Wageni wakacheka, na mimi nikacheka nao. Tena nilimshukuru mbele za watu, nikasema dada yangu kaniokoa na aibu. Nikilikumbuka hilo la kushukuru, hasira hunipanda upya.

Asubuhi yake nikaenda kumrudishia kawa na sinia. Nikamkuta jikoni na treya mbele yake: unga umetandazwa, juu yake karatasi, na juu ya karatasi choroko kavu zimejaa mpaka ukingoni.

"Choroko za nini?"

Wala hakubabaika. Alinieleza kama anavyoeleza bei ya samaki. Choroko zinaukandamiza unga usivimbe. Moto uzidi chini, juu kidogo tu. Pembeni pakikauka unatoa karatasi na choroko zake, unapaka ute wa yai, unarudisha jikoni mpaka chini pawe pakavu. Ndipo unatia kastadi.

"Na mimi mbona hukunambia?"

Akachukua kawa mkononi mwangu, akaitundika. "Na weye ukijua kupika pai, miye mtan'itia n'ni?"

Nikaliweka sinia lake chini. Nikatoka, na njiani nililia bila kuficha uso.

Nikajifundisha mwenyewe. Pai ya nyama ya kusaga iliyokaushwa vizuri, au ya tende, haina haja ya haya yote. Ganda na kilichomo huiva pamoja. Ya kastadi, ganda lipikwe nusu. Ya maembe yasiyopita motoni, ganda liive kabisa, lipoe, ndipo uyapange. Zangu sasa ukizigeuza, chini pana rangi kama juu. Nikimpelekea jirani haachi hata chenga. Dada naye naenda kwake sikukuu, namwamkia, nakula anachonipa. Kumwamini ndiko kulikokwisha.

Mwaka huu binti yangu kajifungua mtoto wake wa kwanza, na wakwe wakapanga shughuli ya arubaini. Nilishanunua siagi aliponipigia simu.

"Mama," akasema, "wakwe zangu wamesema pai apike mama mkubwa. Wewe tuletee wali."