Pengo Kwenye Ubao wa Vifaa Vyangu

Jamani, kuna aibu mtu anaweza kuificha, lakini hii yangu haifichiki, maana mshenga alikuwepo, wakwe walikuwepo, na shangazi yake mkwe alikuwepo, yule ambaye akisikia jambo Kayanga asubuhi, mchana Rubwera wanalo. Kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaletewa ikiwa imetiwa chumvi.

Mnalijua banda langu la gereji hapa Rugera, lile la pembeni ya migomba, ninapotengenezea pikipiki za watu na viti vya nyumbani. Vifaa vyangu vyote vilikuwa kwenye kiroba, vingine vya marehemu baba, na ukitaka spana moja unamwaga kiroba kizima chini unaanza kupekua kama kuku (ndivyo anavyosema mke wangu, mimi nakataa). Jumamosi moja nikaamua na mimi niwe mtu wa mpangilio. Nikalaza plaiwudi mezani, nikawa naweka kifaa juu yake, nakizungushia kalamu ya wino mzito, nakitoa, naweka kingine: nyundo, randa, patasi, plaizi, bisibisi. Nilitaka kila kimoja kiwe na picha yake ukutani, ili kisipokuwepo nijue hapohapo. Nikamaliza kuchora jioni, kutundika nikasema nitatundika Jumatatu.

Jumapili tukitoka kanisani mvua ikatukuta njiani pamoja na Deo, kijana wa Kyerwa aliyekuwa anamchumbia binti yangu Jovitha. Akajibanza bandani mpaka ikakatika, mgongoni ana begi. Nikamkaribisha ndani chai, akasema, "Asante baba, nawahi." Anawahi nini Jumapili? Lile begi sikulisahau.

Jumatatu natundika, kila kifaa kikakaa kwenye picha yake, ikabaki picha moja haina mwenyewe. Mikono miwili imetanuka, mdomo mfupi. Nikaiangalia, nikainamisha kichwa, nikaiangalia tena. Mkasi wa bati! Marehemu baba alikuwa na mkasi wa bati, namkumbuka kabisa akiezeka nao jiko.

"Mama Jovitha, mkasi wa bati umeibiwa!"

"Tangu lini una mkasi wa bati?"

(Mwanamke huyu, tukiibiwa nyumba atauliza kwani tulikuwa na nyumba.)

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini wapi, nikapanda bodaboda mpaka Rubwera kule Kyerwa, kwa baba yake Deo, Mzee Laurenti, eti nimepita kuwasalimia. Nafika, nakuta nini? Mifereji mipya ya bati inayokinga maji ya mvua, imezunguka nyumba nzima, imekatwa vizuri, haina hata mkunjo. Nikauliza kama mtu asiye na neno, "Hii mliikata kwa kifaa gani?" Mzee akajibu harakaharaka, "Fundi alikuja na vyake." Harakaharaka hivyo ya nini? Wakaniletea kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu mgeni akiipokea mmeshaelewana, nikasema tumbo linanisumbua. Nikarudi nyumbani nimeshatoa hukumu kichwani, sikumwambia mtu.

Ikafika siku yao ya kuleta posa. Mama Jovitha kapika ndizi na nyama, viti vimepangwa uani, wageni wameingia, shikamoo zimekwisha. Mimi badala ya kuwaketisha nikawapeleka wote bandani.

"Kabla ya habari za posa," nikasema, "namwomba mwenzangu auangalie ukuta huu, aniambie anaona nini."

Mzee Laurenti akaangalia. "Naona vifaa. Na hapa naona pengo."

"Na mimi kwako nimeona mifereji."

Shangazi akashika mdomo. Deo akasema, "Baba, mimi?" kwa sauti ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Mzee Laurenti akavua kofia, akamgeukia mshenga. "Kumbe ndiyo maana hata kahawa yetu aliikataa. Mwanangu ameitwa mwizi. Twendeni."

Hapo ndipo Jovitha akaja kutoka jikoni, khanga kiunoni, amesikia yote. Hakunisalimia wala hakumtazama mtu. Akachomoa plaizi kwenye msumari wake, akaitanua mdomo, akaibandika kwenye lile pengo. Ikakaa barabara, kuanzia mdomo mpaka mikononi.

"Baba, umeichora mara mbili," akasema. "Mara imefungwa, mara imefunguliwa."

Jamani! Nikakumbuka palepale kwamba ile Jumamosi nilisimama katikati ya kazi nikang'oa msumari kwa plaizi, nikairudisha mezani imetanuka, nikaizungushia kalamu kama kifaa kipya. Nilitamani ardhi ipasuke. Wageni wakaondoka bila kula, sufuria ya ndizi haikufunuliwa hata kifuniko.

Jovitha akabaki pale mlangoni, machozi yanamtoka.

"Baba, ulikuwa unatafuta mkasi au ulikuwa unatafuta sababu?"

Ni mwanangu wa pekee, na tangu Deo aanze kuja, nyumba nilikuwa naiona tayari haina mtu.

Sasa kwetu ni upande wa mwanamume ndio unaokuja kuomba. Mimi ndiye baba wa kwanza ninayemjua aliyekwenda kumwombea binti yake aolewe, kwenye bodaboda, nimepakata dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na jogoo aliyenichafua suruali nzima. Nikasimama uani kwa Mzee Laurenti, watoto wa jirani wananichungulia, nikasema yote. Kwamba Deo hajachukua kitu. Kwamba nimewakosea. Na kwamba kilichonisumbua si mkasi, ni kuona binti yangu anakwenda.

Mzee akaangalia jogoo, akaniangalia mimi. Kisha akaanza kucheka taratibu.

"Basi mwenzangu, huyo binti yako tutamchukua mchana kweupe, na wewe mwenyewe utatusindikiza."

Nikacheka na wao, huku nimegeukia mgombani ili wasinione nikifuta macho. Na nimejiapiza, kitu kikipotea kwangu nitawauliza watu wa nyumbani kwanza, tena kwa upole, na mkwe sitamuuliza kabisa.