Meno ya Kidato cha Pili

Mie ni fundi viatu. Kibanda changu kinatazamana na benchi la Bi Zubeda, nje ya geti la sekondari moja huku Chanika, mwaka wa tisa sasa. Jina la shule sitalitaja, maana viatu vya mkuu wa shule bado ninavyo mie. Lakini haya ninayosema nimeyaona, sikusimuliwa.

Bi Zubeda anauza chai na maandazi asubuhi, mchana wali maharage. Ni mtu wa pwani, alihamia huku baada ya kwao Kurasini kuanza kuwa na makontena mengi kuliko watu. Mdomo wake hauna breki. Ila mtoto akija amenuna, hamuulizi kitu. Anamsogezea ungo: "Hebu nichambulie mchele, macho yangu siku hizi hayanisaidii." Uongo mtupu, noti ya bandia anaiona ikiwa bado mfukoni mwako. Mtoto anachambua, dakika ya kumi anaanza kusema mwenyewe.

Hakuyasomea haya. Mwanawe Mbwana alianza kusikia sauti akiwa shule. Akazungushwa miaka mitatu: akaombewa, akachanjwa chale, akachapwa na mjomba aliyeapa ni bangi. Mpaka nesi mmoja akawaambia hospitalini kuna kliniki ya watoto wenye shida hizo, kila Alhamisi. Leo Mbwana anakunywa dawa zake na anaosha magari Chamazi. Ile miaka mitatu mama yake hajaisamehe.

Shule nayo ilikuwa na huduma yake, tusiwaonee. Kulikuwa na chumba kimeandikwa "Ushauri Nasaha". Ndani bango la mtoto anayecheka, na chini ya bango fimbo, kwenye msumari. Mwalimu wa ushauri na mwalimu wa nidhamu alikuwa mtu mmoja, mwalimu Leodegar, kijana wa Bukoba asiyekunja mikono ya shati. Asubuhi anawachapa waliochelewa, saa nane anawasubiri walewale waje kumfungulia moyo. Hawakuja. Kwenye daftari la takwimu akaandika sifuri kila mwezi, kwa rula.

Wageni kutoka mjini wakaliona lile daftari wakafurahi mno. Wakaipa shule cheti: "Shule Isiyo na Changamoto za Afya ya Akili". Kikawekwa kwenye fremu, singeli ikapigwa mpaka spika ikaungua.

Januari, Lusungu wa kidato cha pili akafiwa na baba yake, dereva wa malori ya bandarini. Binti akaacha kulala, akaacha kula, mwisho akaacha kusema. Bi Zubeda akampa ungo. Lusungu akauchambua wote, akachambua na wa pili, kimya. Bi Zubeda akauchukua ungo, akaja kibandani kwangu.

"Kondo," akaniambia, "huyu simuwezi. Huyu wa Alhamisi."

Tatizo lilikuwa karatasi. Lusungu alishakosa siku nyingi za msiba, akikosa nyingine bila karatasi ya ruhusa yenye sababu na mhuri, anafutwa shule. Bi Zubeda akamfuata mwalimu, na mie nikabeba viatu vya mwalimu, kisingizio cha kuingia.

"Shikamoo, Mama Mbwana."

"Marahaba. Mwandikie Lusungu aende kliniki ya akili."

Leodegar akaitazama fremu ukutani. "Mama, nikiandika hivyo lazima niingize kwenye daftari. Ikiingia kwenye daftari, cheti kinarudi mjini. Mkuu hatanielewa."

"Kwa hiyo mtoto afe, cheti kipone?"

"Sijasema hivyo. Tutafute sababu nyingine. Tumbo?"

"Tumbo watampa dawa ya minyoo hapo zahanati, arudi darasani."

Wakakaa wanafikiri, watu wazima wawili. Mwisho mwalimu akaandika: anaumwa jino. Zahanati haina daktari wa meno, jino lazima hospitali.

Lusungu akapelekwa na mama yake. Daktari akasema arudi kila baada ya wiki mbili, asikose hata mara moja. Aliporudi mara ya tatu alikula nusu andazi. Bi Zubeda akajifanya anapuliza moto ili nisione machozi, na mie nikajifanya natafuta gundi.

Basi habari haikukaa. Kufika Juni, wanafunzi thelathini na wanane wa kidato cha pili walikuwa na karatasi za jino. Asiyelala, jino. Anayeogopa kurudi nyumbani kwa baba wa kambo, jino. Anayelia bila sababu, jino. Mwalimu Leodegar aligonga mhuri mpaka wino ukaisha, na daftari lake likabaki na sifuri zake safi.

Habari za meno hayo zikafika mjini, wakashtuka. Meno yana bajeti. Likaja gari jeupe na daktari wa meno, mpiga picha na katoni za miswaki. Watoto wakapangwa mstari uwanjani. Mkuu wa msafara akahutubia madhara ya sukari huku anamtazama Bi Zubeda getini, kisha akaamuru benchi lihame mita mia mbili. Niliudhika mie, sikufichi. Miaka tisa yule mama anawalea watoto wao, leo ameambiwa yeye ndiye ugonjwa.

Daktari, kijana mpole anaitwa Cyprian, akaanza kukagua. Mdomo wa kwanza mzima. Wa pili mzima. Alipofika wa kumi na mbili akasema hajawahi kuona meno mazuri namna hii. Mkuu wa shule uso ukamshuka, akatangaza palepale: kuanzia leo, karatasi za jino marufuku. Keshokutwa ilikuwa Alhamisi ya Lusungu, na aliyefuata kwenye mstari alikuwa yeye.

"Linauma lipi?" akauliza Cyprian.

Lusungu hakufungua mdomo akaguliwe. Aliufungua aseme.

"Hakuna linalouma, daktari. Tangu baba afariki nikilala sitaki kuamka. Nikitoka kliniki nataka kidogo. Wakininyima karatasi, sijui nitafanyaje."

Mkuu wa msafara akasema binti amepigwa na jua, apewe maji na mswaki. Mwalimu Leodegar akaondoka kuelekea ofisini, nikajua amekimbia. Kumbe alifuata daftari. Akaliweka juu ya boneti ya lile gari jeupe, akaandika moja pale palipokuwa na sifuri, bila rula, imepinda. Kisha akachukua karatasi, sababu akaandika kliniki ya akili, akagonga mhuri. Akamgeukia mtoto aliyefuata na kumuuliza jina.

Cheti kilichukuliwa siku hiyohiyo, na fremu yake. Benchi tulilihamisha mita mia mbili kwa hatua za Bi Zubeda, kwa hiyo lipo mbele ya duka la jirani yangu. Lusungu hakukosa Alhamisi yake.

Mwezi wa tisa ikaja barua kutoka mjini. Shule ieleze kwa maandishi, kwa nini iliyokuwa na wagonjwa sifuri sasa ina thelathini na wanane, na mwalimu mhusika aeleze mlipuko huo ameusababishaje. Leodegar akaja nayo kwenye benchi, akakaa, akaikunjua, akaikunja.

"Mama Mbwana, niwajibu nini hawa?"

Bi Zubeda akaendelea kugeuza maandazi. Lusungu, ambaye alikuwa anamalizia andazi la pili, akamsogezea ungo.

"Tuchambulie mchele, mwalimu. Macho ya bibi hayamsaidii."

Mwalimu akaanza kuchambua. Barua ikabaki benchini, imekandamizwa na kikombe. Kwenye dakika ya kumi akaanza kusema, taratibu, macho kwenye ungo. Ya barua hakuyagusa. Alianza na baba yake, na fimbo iliyokuwa nyumbani kwao.